Gazeti Langu na Robine ya Mulini

Siku yangu ya kwanza kazini nilichapwa mkono. Nilikuwa nimetoka kushika herufi za risasi, njaa ikanishika, nikatoa kipande changu cha muhogo nikitaka kula. Patron, mzungu mzee mwenye matbaa pale Kolwezi, akanichapa mpaka muhogo ukaruka chini ya meza. "Risasi ni sumu! Nawa kwanza!" Nilimchukia mpaka saa sita mchana, halafu nikaenda kunawa.

Ninyi mnaoandika kwa kidole gumba mkiwa mmekaa juu ya taxi-moto hamtaniamini, lakini zamani tulipanga neno herufi kwa herufi, kinyumenyume, kwenye kisahani cha chuma, mpaka kurasa zikajaa na mgongo ukalia. Patron hakuwa na maneno mengi. Aliniambia, "Ukichapa jina la mtu vibaya, atakuja yeye mwenyewe kukuonyesha uso wake." Na walikuja kweli, tena wakali.

Kisha nchi ikaitwa Zaïre, na sisi pia tukapewa amri ya kubadili majina. Jina langu la ubatizo likatupwa, nikabaki Kalenga, tena sitwayeni, yaani mwananchi, Kalenga, maana kumwita mtu "musiu", bwana, lilikuwa kosa. Maduka ya wageni yakagawiwa wananchi. Matbaa yetu akapewa bwana mmoja wa chama ambaye hata wino hakujua unafunguliwa upande gani. Unajua alifanya nini? Aliyeyusha herufi zote akawauzia wavuvi wa ziwa la Nzilo, wakafanya vizito vya nyavu! Alfabeti nzima ya mji wetu imelala chini ya maji. Nikikumbuka, hasira inanipanda mpaka leo.

Nikaenda Lubudi, mji wa reli, Mkuu wa Stesheni akanipa kazi ya kuchapa matangazo ya treni. Kule nilijifunza roneo, mashine ya kunakili kurasa. Unachukua stensili, karatasi iliyopakwa nta, unaipiga kwa taipu isiyo na utepe ili kila herufi itoboe nta. Halafu unaivisha kwenye pipa la mashine, unazungusha mkono, na wino unapenya kwenye matundu. Ukikosea, unapaka vanishi nyekundu, unaipulizia ikauke, unapiga upya. Ukipiga herufi ya "o" kwa hasira, tundu lake linakatika na kuacha doa jeusi. Stensili zangu zilikuwa na madoa mengi.

Huyo Mkuu wa Stesheni alikuwa mkali, lakini mnyoofu. Siku moja treni ilichelewa, nami nikauliza kama nichape kwamba iko njiani. Akanitazama juu ya miwani. "Kalenga, kama imechelewa, andika imechelewa. Abiria wako pale nje, reli tupu wanaiona." Mashine mpya ilipoletwa, ile ya zamani akanipa mimi.

Tata Ramazani, msafirishaji ambaye wazazi wake walitoka Maniema, aliipakia roneo kwenye lori lake juu ya mifuko ya chumvi. Tukarudi Kolwezi, nikafungua chumba kimoja mtaa wa Manika, karibu na soko. Gazeti nikaliita *Kengele ya Manika*. Ukurasa wa kwanza haukuwa wangu: ulikuwa wa Rais, picha yake na maneno yake, kila toleo, upende usipende. Katikati niliweka bei za unga, habari za mpira na ugomvi wa mtaa. Lakini watu walilifungulia nyuma, kwenye ukurasa wa vilio.

Kwetu mtu akifiwa, haachwi peke yake. Mikeka inatandikwa uani, moto unawashwa, watu wanakaa siku na siku, na usipofika unaonekana huna moyo. Sasa, avenyu za Manika zilikuwa na majina ambayo hata posta haikuyajua. Kwa hiyo katika kila tangazo la kilio nilielekeza njia: pita kanisa, ukiona fundi wa baiskeli geuka kushoto. Kwa matangazo hayo sikumtoza mtu hata kidogo. Labda ndiyo sababu watu wa mtaa walinichagua kuwa mkuu wa kamati yao, wakanipa na shida zao zote bila mshahara.

Msimu mmoja wa mvua, ukurasa wa vilio ukaanza kujaa. Asubuhi moja akaingia Mama Ngalula, mama wa Kasai ambaye marehemu mume wake alikuja kuchimba shaba. Alikuwa na kitambaa kichwani na macho mekundu.

"Tata Kalenga, mutoto ya mutoto yangu alikufwa. Andika kilio iko ku nyumba yangu. Batu bakifika ku robine ya mulini…"

Sentensi ile nilikuwa nimeshaipiga kabla hajaimaliza. Vidole vyangu viliijua, maana wiki nzima nilikuwa nikiipiga. Robine ya mulini ni bomba la maji la mtaa, nyuma ya kinu cha kusaga unga. Vilio vyote vilikuwa vinalizunguka.

"Mama, na hawa benzako benye kufiwa, bote banateka mayi pale?"

"Tutateka wapi tena? Njo robine ya pekee."

"Na batoto benye kubakia kwako?"

"Beko banahara tangu jana," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Nikafunga duka nikaenda kwa Komiseri wa zoni, mkuu wa serikali pale kwetu. Alikuwa ndani ya abakosti yake, lile koti la viongozi lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi vizuri, akipanga mapokezi ya wageni kutoka Kinshasa. Nikamwomba jambo moja tu: robine ifungwe siku hiyohiyo, mafundi waichimbue.

"Sitwayeni Kalenga, Kolwezi hakuna ugonjwa. Andika malaria. Na hii neno robine, utoe mu gazeti. Iko na vanishi, hapana?"

"Nikitoa, batu batafika ku kilio namna gani?"

"Baulize njia!"

"Na mayi?"

"Mayi ni ya Serikali. Serikali haiuwe batu."

Nilirudi mbio na jasho likinitiririka, nikakaa mbele ya taipu. Matangazo yote ya vilio nikayaleta ukurasa wa kwanza, robine ikiwa imeandikwa wazi katika kila moja. Pale pa picha ya Rais nikachora kwa kalamu ya chuma, herufi kubwa: MUSIKUNYWE MAYI YA ROBINE YA MULINI. INAUA.

Tata Ramazani alipokuja kuchukua mafurushi, alisoma akashika kichwa. "We! Unataka batufunge bote?"

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Pakia mbio!"

Saa kumi alasiri wajandarme, askari wa serikali, walibeba roneo yangu. Walichelewa. Gazeti lilikuwa limeshafika sokoni, na Mama Ngalula alikuwa amefanya jambo ambalo mimi na elimu yangu ya wino nisingelifikiria. Alihamisha kilio. Alikunja mikeka yake, akaitandika kuizunguka robine, akawasha moto pale. Wamama wengine waliofiwa wakamfuata. Wakakaa, wakaimba nyimbo za maombolezo, na hakuna ndoo iliyopita.

Komiseri alikuja na watu wake kuwafukuza. Lakini nani anafukuza kilio? Mwambie mtu wa Manika akanyage mkeka wa wafiwa kwa viatu, atakuona umerukwa na akili. Jandarme wa kwanza alisimama, akatazama wale wamama, akavua kofia na kukaa chini kati yao. Wa pili naye akakaa. Komiseri akabaki amesimama peke yake na abakosti yake.

"Mama, mutoke, bageni banafika," akasema.

"Muzuri," Mama Ngalula akajibu. "Bakuje balie na shiye."

Kesho yake Komiseri akatuma mafundi, wakachimba. Bomba lilikuwa limepasuka kando ya mfereji wa vyoo, uchafu wote ukiingia ndani. Wakalibadilisha. Wajukuu waliobaki wa Mama Ngalula walipona, na mtaani vifo vikakoma.

Komiseri aliniita. Roneo yangu ilikuwa barazani kwake. Akanisogezea karatasi iliyosema nilichapa uongo na ninaomba radhi kwa Serikali. "Saini, beba mashine yako." Nikamwambia, bomba limechimbwa mchana watu wote wakiona, uongo uko wapi? Akasema ni saini tu. Nikatoka mikono mitupu. Nyumbani mke wangu aliuliza tutakula nini. Tulikula kwa shida, nawaambieni. Nilifundisha shule, nikalima mahindi njia ya Sandoa, na habari za mtaa nikaziandika kwa chaki kwenye ukuta wa duka langu. Wakifuta, naandika tena. Walichoka wao.

Makomiseri walibadilishwa, na kila mmoja aliniita kwa karatasi ileile. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita baba. "Tata, ni formalité tu. Mambo ya zamani." Nikamwambia: "Mwanangu, bale batoto balikufwa na hiyo mayi. Mi nikisaini, nasema mama zao balilia bure." Akainamisha kichwa. Roneo ililiwa na kutu palepale barazani, mvua ikiinyeshea.

Sasa nimestaafu, na macho yananisumbua. Vijana wa redio hunijia wakiniuliza kama najuta kupoteza gazeti. Najuta njaa waliyolala nayo wanangu, hilo linaniuma na sitalificha. Lakini kusaini? Mkono ni huu hapa, unatetemeka hata kushika kikombe. Waniletee ile karatasi yao hata kesho, hautasaini.