Titani ya Dada

Boda ilimwangusha dada yangu kule Bugoye, akapoteza jino la mbele. Alikuwa mwalimu Mahango, na tangu siku hiyo watoto walimcheka kila alipofungua mdomo kufundisha. Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia Kasese. Daktari wa meno niliyefanya naye kazi alikubali kumpandia jino jipya kwenye taya kwa sharti moja: niwe na hakika kwamba skrubu ya kulishikilia ni aloi ya titani, metali ambayo mfupa huipokea. Chuma cha hovyo ndani ya mfupa huleta usaha, na taya huoza.

Tukashuka soko la Bwera, mpakani na Kongo, kuitafuta. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alikuwa amebakiwa na skrubu mbili, moja kwenye pakiti yake, nyingine imeviringishwa kwenye kitambaa.

"Mama, zote iko titane ya kweli," alisema. "Naapa mbele ya Bikira Maria."

Kiapo hakikunitosha. Sumaku haikuzishika, lakini hata sufuria ya chuma kisichoshika kutu haishikwi na sumaku. Tukaenda naye kwa fundi wa kuchomelea pale sokoni, mwenye jiwe la kusagia chuma. Titani hutoa cheche nyeupe pe. Chuma hutoa za njano. Ubaya ni kwamba skrubu ikiguswa na jiwe imekwisha, haifai tena kwa mfupa.

Nikazilipia zote mbili, tukaanza na ile ya pakiti aliyotangulia kunipa. Cheche zikaruka nyeupe hadi tukafumba macho. Dada akapiga vigelegele. Mimi roho ilikuwa bado juu juu, maana ile ya kitambaani ndiyo ingeingia mdomoni mwake, na hakuna aliyejua ilikotoka.

"Lete na hiyo," nikasema.

"Wewe, wacha!" Dada alinikamata mkono. "Ile si imetoka muzuri? Ukiharibu hii, mimi nabaki na nini?"

"Na taya yako."

"Ni taya yangu, si yako!"

Tulivutana mbele ya watu. Mwishowe nikajinasua, nikaishika skrubu kwa koleo na kuigusisha kwenye jiwe mwenyewe.

Cheche zikatoka nyeupe, sawasawa na zile za kwanza.

Mfanyabiashara alianza kucheka, akajizuia. Hata leo ningefanya vile vile, lakini siku ile sikuweza kumtazama dada yangu usoni.

"Haya, umejua," akasema. "Sasa mwambie daktari anipandie huko kujua kwako."