Mfuniko wa Sufuria

Watu wenye diploma walinifuata wenyewe. Mimi niliishia darasa la nne, nikabeba magunia ya mawe kule Kambove, na leo mashine zangu mbili za kusaga unga zinalisha nusu ya mtaa. Basi hospitali ilipotafuta mtu asiye daktari wa kukaa kwenye kamati ya maadili, ile inayoruhusu au kukataza utafiti juu ya watu, wangemchagua nani tena?

Siku moja mwenyekiti, daktari mzee asiyevua sweta hata wakati wa joto, alinipigia simu. Kulikuwa na faili ya binti mmoja anayesomea uuguzi. Hakuna damu, ni maswali tu: wake za wachimbaji wa Kambove wanawapikia watoto nini. Faili yenye hatari ndogo namna hiyo hupita njia ya haraka. Haingoji kikao, wasomaji wawili wanatosha, na safari hii ni mwenyekiti na mimi. Lakini mmoja wetu akiona hatari, inaenda kwenye kikao kizima, na kikao kilikuwa mbali. Binti angerudia mwaka.

Nilisoma polepole, kidole kwenye mstari. Ukurasa wa tatu nikasimama. Aliandika kwamba ataingia jikoni saa ya chakula, afunue sufuria na kupima kilichomo.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha. Marehemu mama yangu alimpiga mchungaji wetu vidoleni kwa mwiko alipofunua sufuria yake. Ndani kulikuwa na matembele matupu, bila mafuta. Mchungaji aliomba msamaha, lakini mama alilia mpaka jioni kwa aibu.

Tulimwita binti ofisini kwa mwenyekiti. Alifika macho mekundu, akidhani nimeshamkataa.

— Papa, iko sufuria tu! Minye siko hata na sindano!

— Sindano inauma dakika moja, mwanangu. Weye siku ukiolewa, utaweza kufunua sufuria ya mama mukwe?

Akajishika mdomo kwa mkono.

— Yesu! Atanirudisha kwetu!

— Sasa hawa mama wa Kambove wamekukosea nini?

Mwenyekiti alicheka mpaka miwani ikaanguka.

— Miaka yote hii nasoma mafaili, na hiyo minye sikuiona.

— Docta, weye hukukula matembele ya mama yangu.

Mwenyekiti akasema mstari huo ukiondoka kabla hatujatia saini, hakuna haja ya kikao. Binti aliandika upya palepale, kwenye kona ya meza: atauliza tu, mama atajibu anachotaka, na asiyetaka kujibu ataachwa kwa amani. Mwenyekiti akatia saini. Nami nikatia yangu, kubwa kuliko yake.

Kabla binti hajaenda Kambove nilimwambia aje kwangu ajaribu maswali kwa mke wangu. Alikaa kwenye kigoda jikoni, mikono juu ya magoti, akauliza kwa adabu. Mke wangu alijibu yote, akaongeza na yasiyoulizwa, hata habari za kukoroma kwangu. Sufuria ilikuwa inachemka pembeni yao na binti hakuitupia hata jicho.

Mwishowe mke wangu aliinuka, akaufunua mfuniko kwa mkono wake mwenyewe.

— Njoo uone, binti. Na ukamate sahani.