Goti la Fundi Pima Maji

Kama kuna mtu aliyekula kwa magoti yake, basi ni Fundi Pima Maji. Miaka thelathini na moja alipanga vigae kwenye mabenki, misalani na sebuleni kwa watu, na kote huko aliingia wima, kazi akaifanya amepiga magoti. Jina hilo alipewa kwa sababu chombo chake cha kupimia usawa hakikumtoka mkononi. Hata akialikwa kula, alikilaza mezani kwanza. Wenyeji wakicheka, yeye haoni cha kuchekesha.

Ila mganga hajigangi. Jikoni kwake mwenyewe sakafu ilikuwa ya saruji tupu yenye mashimo, na mkewe alifagia vumbi lilelile kila siku akingoja vigae. "Mwezi ujao, mama watoto," ndilo lilikuwa jibu. Mwezi ujao huo ulikuwa umetimiza miaka kumi na tisa, umempita hata kitinda mimba wao.

Basi goti la kushoto likaanza kuuma. Kwanza asubuhi tu, kisha kwenye ngazi, kisha hata akiwa amekaa kitako. Siku moja aliacha bafu la mteja nusu, akarudi nyumbani saa tano asubuhi, akakaa jikoni. "Nisipopiga magoti tena," akamwambia mkewe, "na hili jiko lako ndiyo basi." Akalia, mtu mzima yule, na wala simsemi kwa ubaya. Mkono usiojua kazi nyingine huogopa kuwa mtupu.

Daktari wa mifupa akamwonyesha picha. Baridi yabisi ilikuwa imekula gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, lakini upande wa ndani tu. Wa nje ulikuwa mzima. "Sibadilishi goti lote," daktari akasema. "Nabadilisha nusu iliyolika."

Pima Maji akachangamka. "Hapo sasa tunaelewana, daktari! Kigae kimoja kikipasuka, nani anabomoa sakafu nzima? Na unabandika kwa kitu gani?"

"Chuma juu, chuma chini, plastiki ngumu katikati. Vyuma tunavibandika kwa saruji maalumu ya mifupa."

Saruji! Mtaa mzima ulipata habari kabla ya jua kuzama: mwenzenu anakwenda kupangwa kigae cha goti, tena na fundi aliyesomea.

Siku ya upasuaji alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, lakini masikio yalibaki yake. Aliposikia nyundo nyuma ya pazia, akapaza sauti, "Taratibu kwenye pembe, daktari, huko ndiko hupasuka!" Chumba kizima kikacheka. Kisha usingizi ukampitia, akakosa kushuhudia saruji ikikorogwa. Balaa lote lilianzia hapo.

Kesho yake akaja mama wa mazoezi, mwanamke wa miraba minne asiyejua kunong'ona. "Kanyaga, mzee wangu. Kunja, nyoosha. Goti likilala, linaganda." Pima Maji akaitikia "naam, naam," akashika magongo yake mawili, akaondoka mguu wa kushoto ukining'inia hewani. Watu hawa wanajua mifupa, alijiambia, lakini saruji hawaijui. Zege halibebeshwi mzigo mpaka likomae, na kukomaa kwake ni siku ishirini na nane. Alishawafukuza matajiri kwenye sakafu zao wenyewe kwa kosa hilohilo. Leo aje akanyage ya kwake mbichi? Thubutu!

Nyumbani akawa mtu wa kitandani na kitini. Mkewe akiuliza, "Umefanya mazoezi, baba watoto?" alijibu bila kupepesa, "Tena mara mbili." Mwongo mkubwa yule.

Siku ya kumi na nne wakarudi kliniki. Mama wa mazoezi akalikunja goti, likagoma njiani. "Digrii hamsini! Mzee wangu, haya mazoezi unayafanya au unayasimulia?"

Daktari hakucheka. Alimweleza bila kumung'unya maneno: lisipofika digrii tisini ifikapo wiki ya sita, watamlaza tena, wamtie usingizi, walikunje kwa nguvu. Likikataa na hapo, kupiga magoti asahau.

Ndipo mkewe akafungua mkoba, akatoa kalenda iliyokuwa nyuma ya mlango wa chumbani. Siku kumi na nne zilikuwa zimekatwa kwa penseli ya fundi, na ya ishirini na nane imezungushiwa duara. "Nimeikuta asubuhi hii," akasema. "Muulize, daktari, hilo duara ni la nini."

Pima Maji akainamia sakafu. Ilikuwa imepangwa ovyo, lakini siku hiyo hakuwa na uso wa kulisema. "Nangoja saruji ikomae," akajibu.

Mama wa mazoezi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Daktari akatoa mfukoni bonge jeupe, dogo kama karanga. "Nikibandika, hubaki na kipande cha saruji mkononi ili nijue lini imekauka. Hiki ni cha mgonjwa wa leo asubuhi."

Fundi akalikwaruza kwa ukucha. Akaligonga mezani, akalitegea sikio. Hakuna uwazi ndani, hakuna ufa. "Lilichukua muda gani?"

"Dakika kumi na mbili."

"Kumi na mbili." Akalirudisha. "Na mimi nimelilinda wiki mbili."

Akaegemeza magongo ukutani, akakanyaga. Mguu ukauma, akakanyaga tena. Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki nne zilizobaki zilikuwa za jasho. Mkewe aliketi mbele yake na mwiko, akihesabu: kunja, nyoosha, moja tena! Maneno aliyoitwa mama wa watu siwezi kuyarudia hapa. Wiki ya sita ilipofika, mama wa mazoezi akapima kwa kipimo chake cha plastiki, akatangaza tisini na mbili. "Hiyo plastiki siiamini," akasema Pima Maji, akatoa mfukoni skwea yake ya chuma ya kupimia pembe, akaiweka kwenye goti mwenyewe. Tisini, na chenji juu.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji daktari akamruhusu kupiga magoti, kwa mto mnene na mapumziko mengi, maana goti la namna hiyo halipendi sana sakafu. Jiko la siku moja likachukua siku nne. Kigae cha mwisho alikiweka kwenye mlango wa nyuma, amepiga magoti nje, akakigonga, akakilaza chombo chake juu. Kiputo cha ndani yake kikatulia katikati.

Mkewe alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa ndani na sufuria, mguu mmoja umeshanyanyuka.

"Usikanyage, mama watoto! Mpaka kesho."

Akaurudisha mguu. Akaitazama sakafu, akalitazama na lile goti juu ya mto. "Nimengoja miaka kumi na tisa," akasema. "Kesho naiweza."

Pima Maji akainuka, akazunguka nyumba, akaja kukaa naye pale kizingitini. Akanyoosha mguu, akaukunja, mara kumi kama alivyoagizwa, na mkewe akamhesabia.