Mama Kepher na Kidonda Asichoruhusiwa Kukiona

Saa mbili asubuhi Molly Amolo amesimama nje ya pazia, kalamu mkononi, na haruhusiwi kupita. Vitanda vingine kumi na tisa vinamngoja. Kwenye kile cha karibu na mlango, mtu ameshaanza kuita.

"Iko aje leo?" anauliza.

"Ni kidogo," anajibu Mzee Kipkorir kutoka ndani. "Kama kifuniko ya soda."

Kipkorir ni kipofu. Anamwosha mwenzake wa rika, Mzee Chepyegon, aliyepooza na ambaye ana kidonda mgongoni kwa kulala muda mrefu bila kugeuzwa. Kipkorir anakipima kwa vidole, Molly anaandika daftarini anachoambiwa.

Ndivyo kazi inavyokwenda katika makao haya ya wazee yanayoendeshwa na kanisa, nje kidogo ya Silibwet, tangu Machi mwaka huu wa 1996. Zamani wahudumu walikuwa watano, wawili wao wanaume. Mvua ilipokubali na chai ikafurika, viwanda vikatafuta watu, na wanaume wote wawili wakaenda. Nani awalaumu? Huko mshahara ni karibu mara mbili ya shilingi 1,900 za Molly. Msimamizi aliahidi wengine "wiki ijayo". Sasa ni Juni.

Chepyegon, mkulima wa chai kutoka Boito, hakubali kuvuliwa nguo na mwanamke wa umri wa mke wa mwanawe. Kwa wanaume wa rika lake hiyo ni aibu isiyosemeka.

"Nilimwambia, 'Mzee, mimi ni mtu wa ziwa, si wa kabila yenu, hatuna ukoo,'" anasimulia Molly, mama wa watoto watatu, Kepher akiwa wa kwanza. "Akaniuliza, 'Mama Kepher, kwani huko kwenu wanawake hawana macho?' Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira."

Anasimulia akitembea, shuka begani. Ukitaka kuzungumza naye, mfuate. Asubuhi nzima hakukaa hata mara moja, na mwandishi naye alichoka kwa kumtazama tu.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi Kipkorir aliamka na homa, hakuweza kusimama. Chepyegon alilala bila kuoshwa hadi saa nane mchana, Molly akipita na kurudi mbele ya pazia. Mwishowe sauti ikatoka ndani.

"Mama Kepher. Ingia. Lakini usiangalie uso yangu."

Aliingia, akamgeuza. Kidonda kilikuwa kipana kuliko kiganja chake, na mfupa ulionekana.

Vidole vya Kipkorir havikuwa vimekosea. "Aliniambia nisiseme," anakiri mzee huyo, machozi yakimtoka. "Aliogopa mtaingia kwa nguvu. Ni wa rika yangu. Ningemuaibisha aje?"

Molly hamlaumu. "Ni mimi niliandika," anasema. "Miezi tatu, kifuniko ya soda. Wakubwa wa kanisa walikuja wakasoma hiyo daftari, wakasema tunafanya vizuri sana!"

Jioni hiyo Chepyegon alipelekwa hospitali kwa pikapu ya maziwa. Daktari anasema atapona akioshwa vizuri na kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Atarudi Jumatatu.

Leo ni Jumamosi, siku pekee ya mapumziko ya Molly, na anafunga kamba za viatu aende lango la kiwanda kumtafuta Gordon, mmoja wa wale wawili walioondoka. Amemwomba msimamizi aongeze mshahara, na amejibiwa kwamba jambo hilo litajadiliwa. Hawezi kungoja lijadiliwe.

"Watu husema nina roho nzuri," anasema, tayari yuko mlangoni. "Roho nzuri haitoshi, nataka mwanaume mmoja tu wa kumgeuza huyu mzee. Ameniambia nikikosa, niingie tu mimi, amezoea. Hajazoea. Nilimsikia akilia."