Chiriku na Nukta za Unga

Kwenye bekari ile walimwita Chiriku, maana kila asubuhi aliyaimbia madonge ya unga, nayo yakaumuka kama yamesikia. Hakuna aliyemcheka. Wenzake walimsogezea mabeseni yao karibu, yasikose hata nusu ubeti. Waokaji nao wana mambo yao.

Basi daktari wa koo alipomwambia kuwa uvimbe lazima utolewe, na sauti itaondoka nao, Chiriku hakuuliza habari za maumivu. Alirudi bekari kuvua aproni. Bila sauti, yeye ni mwokaji wa nini tena?

Mtoto wa kaka yake, msichana aliyesomea mambo ya utafiti, akamsihi asubiri kidogo. Kila asubuhi alichovya kidole kwenye unga na kuweka nukta juu ya sinia jeusi: kwenda kulia, kadiri shangazi alivyoimba, kwenda juu, kadiri donge lilivyoumuka. Nukta zikaongezeka, nyeupe, zikapanda taratibu kutoka kona ya chini hadi ya juu, kama mvuke. Chiriku alizitazama mpaka macho yakamlowa.

"Si unaona? Ni mimi."

"Naona vinapanda pamoja, shangazi. Sijaona nani anamvuta mwenzake. Siku gani huwa huimbi?"

"Kukiwa na baridi. Koo linagoma."

"Na hamira je, kwenye baridi?"

Chiriku alijua: hamira nayo hugoma.

Kesho yake joto lilijaa chumbani, vioo vikitoka jasho. Alikanda, akafunika, akafumba mdomo. Wenzake walimkodolea macho kama mtu aliyekuja kuwaharibia kazi. Harufu ya hamira ilitanda, tamu na nzito, naye akahisi anaelea ndani yake. Alipofunua kitambaa, donge lilikuwa limefura hadi ukingoni. Asubuhi zote za joto zilizofuata mambo yakawa yale yale, na nukta zikajikusanya juu, kushoto kabisa, upande wa kimya.

Kazi yake ilikuwa imepona. Alifurahi sana, na papo hapo akaumia.

"Kumbe miaka yote hii madonge hayakunihitaji."

"Joto ndilo lililoyaumua, shangazi. Na ndilo lililokupa wewe hamu ya kuimba."

Siku ya mwisho kabla ya kulazwa, Chiriku alifunika madonge yake, akaenda kusimama dirishani, mbali na mabeseni, akaanza wimbo wake mrefu kuliko zote. Haukuwa na kazi yoyote ya kufanya. Aliuimba wote.