Jiwe la Mama Jerono

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Inspekta wa uwanja alinipa ndoo ya chokaa na brashi, akasema, "Wewe ndiye mtu wa mawe." Mimi nilitoka Nyeri nikija Eldoret kutafuta kibarua kwenye shamba la ngano, sasa naambiwa mtu wa mawe! Nilichanganyikiwa hapo hapo, na kusema ukweli sijatulia mpaka leo.

Mawe yenyewe yalipangwa pande zote mbili za barabara ya ndege, ili rubani akiwa juu aone maramu, ule udongo wa changarawe ulioshindiliwa, inaishia wapi. Kando palikuwa na mlingoti wa soksi, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unaelekea wapi. Kazi yetu ilikuwa chokaa, soksi, na kufukuza ng'ombe.

Uwanja ulikuwa wa nani? Usiniulize. Wazee walisema Wazungu waliufungua wakati wa vita, ndege za kijeshi zikipita kwenda kupigana na Waitaliano huko Abisinia, na vijana wa hapa wakachukuliwa kwa nguvu kuuchimba kwa sururu na karai. Vita ilipoisha, masetla, wale Wazungu wa mashamba makubwa, wakautumia kwa ndege za kunyunyizia ngano dawa. Wakati wangu, mwanzoni mwa enzi za Nyayo, yule rais wa pili, jeshi lilisema ni wa wizara, wizara ikasema ni wa manispaa, manispaa ikasema tuulize jeshi. Mshahara ulikuja, lakini mwajiri wangu hasa sikumjua.

Mama Jerono, mjane kutoka kijiji cha Kiplombe, alikuja kila msimu wa kupanda na kibuyu cha maziwa, akamwaga kidogo kwenye jiwe moja. Mume wake alikuwa mmoja wa wale wachimbaji. Kifusi kilimwangukia, wenzake wakamzika ukingoni mwa barabara na kuweka jiwe hapo.

Sasa sikia balaa. Kila mkubwa alipokuja kutoka Nairobi, Inspekta aliagiza mawe yote yakusanywe kwa trekta, yapakwe chokaa yakiwa lundo moja, kisha yarudishwe kwa kufuata kamba iliyovutwa ili mstari unyooke. Jiwe la huku linaenda kule. Ndivyo kazi nilivyoikuta.

Halafu ikaja amri ya kupanua uwanja upande ule ule wa kaburi. Mama Jerono akasimama mbele ya greda, shuka begani. Inspekta hakuwa mtu mbaya. Alimwambia dereva azime injini, akamsogelea.

"Mama, nionyeshe mzee amelala wapi. Tutapazunguka."

"Ni hapa," akasema, akaweka mkono juu ya jiwe.

Jiwe lile nilikuwa nimelipanga mimi mwenyewe juzi! Inspekta akanigeukia. "Mtu wa mawe, ni kweli?"

Ningesema nini jamani? Nikikana, ataniuliza ni wapi basi, nami sijui, na greda itapita kote. Nikikubali, labda mzee wa watu atapondwa mahali pengine.

"Ndiyo, bwana. Ni hapo."

Greda ikazunguka. Barabara ikabaki na kona ya ajabu, na kila rubani aliyetua alitutukana kwa ajili yake.

Siku hizi nimestaafu, nafuga kuku Kiplombe, na Mama Jerono ni jirani yangu. Jambo lile lilinikosesha raha miaka yote. Juzi, tukinywa chai kwake, likanitoka. "Mama, lile jiwe halikuwa mahali pake."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kijana ya Nyeri, unafikiri mimi ni kipofu? Si nilikuwa naona mkibeba mawe na trekta? Hata mimi sijui mzee yuko wapi."

"Sasa mbona ulisema ni pale?"

Aliweka kikombe chini, kicheko kikaisha.

"Walikuja kumchukua shambani, hakuna mtu aliniuliza. Wakamzika, hakuna mtu aliniuliza. Siku hiyo mtu ya serikali alizima mashini, akaniuliza mimi. Ningemwambia sijui?"