Tairi za Kupandia kwa Mzee

Kwa majuma matatu msimu ule wa majani kuanguka, nilikuwa mwanamke wa makamo anayechuchumaa kando ya magari ya watu. Nilichuchumaa kwenye maegesho ya supamaketi, nje ya kituo cha afya, na Jumapili baada ya ibada nilichuchumaa kwenye maegesho ya kanisa letu nikiwa na gauni langu zuri. Mkononi nilikuwa na karatasi nyeupe na kreyoni nyeusi niliyomwibia binti yangu. Naikandamiza karatasi kwenye meno ya tairi, nasugua kreyoni juu yake, na umbo la meno linatokea kwenye karatasi.

Binti yangu, aliyezaliwa Birmingham na anayeelewa kila neno la Kiswahili lakini hatoi hata moja, alikuwa amejificha nyuma ya kiti cha gari.

"Mum, people are looking."

"Waache waangalie. Nitamaliza sasa hivi."

Siku moja mwanamume alitoka dukani na maziwa yake akanikuta nimekumbatia gurudumu lake la nyuma. Nilisimama, nikatabasamu, nikamwuliza kama tairi zake zinashika vizuri kwenye matope. Alinitazama, akatazama kitambulisho cha kazi kilichokuwa shingoni mwangu, akasema yeye hajawahi kufika kwenye matope. Aliingia ndani ya gari akafunga milango, na simlaumu.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa nafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao, kazi ambayo Wakenya wengi tuliofika mjini hapa tulianzia. Unamwamsha mtu, unamwogesha, unampa dawa na kifungua kinywa, unaandika kwenye daftari lake, kisha unakimbilia kwa mwingine. Mmoja wa wazee wangu alikaa mlimani, juu ya mtaa wa Longbridge, pale mji unapokatika ghafla na mashamba kuanza. Ukipita uwanja mtupu wa kiwanda cha magari, ambacho kilikuwa kimefungwa miaka michache nyuma, unapanda mlima, unaiacha lami, halafu unaanza kusali. Njia ya kwenda kwake ilikuwa udongo mtupu wenye mteremko, na mvua ikinyesha iligeuka uji.

Mzee mwenyewe alikuwa mjane, na miguu yake haikufanya kazi tena. Hakuweza kutoka kitandani bila mtu. Watunzaji watatu walionitangulia walikwama pale, na mmoja aliliacha gari akapanda kwa miguu, akafika na kiatu kimoja. Kwa hiyo msimamizi wetu, mama mmoja mwenye sauti ya upole hata anapokupa habari mbaya, alinipigia simu kuniambia msimamo wa ofisi.

"Tunampa majira haya ya baridi," alisema. "Ikipita asubuhi moja tu hajafikiwa na mtu, tutamtafutia nafasi kwenye makao ya wazee. Nimeshamweleza na yeye mwenyewe."

Nilikasirika. Mtu atolewe kwenye nyumba aliyokaa na mkewe miaka yote hiyo kwa sababu ya matope? Matope! Mimi nimezaliwa Kinangop, mahali ambapo malori ya viazi na kabeji hupita kwenye udongo mweusi unaofika kwenye ekseli. Niliwaona wanaume wakifunga minyororo kwenye magurudumu kabla sijajua kusoma. Nikajiambia kwamba Waingereza hawa hawajui matope, na kwamba sasa wamepata mtu anayeyajua. Kichwa kilinivimba kweli.

Nilikuwa na gari dogo lililoinuka, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo nilikuwa nimelinunua kwa muuguzi mwenzetu aliyerudi nyumbani. Lilikuwa limevaa tairi laini za barabarani. Nililipeleka Nechells, kwa fundi wa tairi Mkongomani aliyekodi banda katikati ya maghala. Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye mikono myeusi kwa vumbi la mpira na tabia ya kutokubishana na mteja zaidi ya mara moja. Nilimwonyesha tairi zilizokuwa kwenye kona, zenye meno makubwa yaliyoachana, kama zile za pikapu ya baba yangu.

"Hizo," nikasema.

"Mama, hizi ni za matope tu," alisema. "Lakini huku iko mvua juu ya lami, iko baridi, iko neige, ile theluji. Pneu ya hivi, baridi ikikuja, inakuwa nguvu sana." Aligonga jino la tairi kwa kucha kunionyesha jinsi mpira unavyokakamaa. "Itakuteleza."

"Ndugu yangu, mimi nimekulia kwenye matope."

"Na miye vilevile, mama." Alinitazama kidogo. "Sawa. Ni weye client."

Zilipanda mlima wa mzee bila kuhema. Nakiri nilipiga honi pale getini kwa furaha. Lakini juma lile lile mvua ilinyesha, na asubuhi moja kwenye mzunguko wa barabara kubwa, nikiwa nakwenda mwendo wa kawaida kabisa, nilikanyaga breki na gari likaendelea na safari zake. Lilizunguka taratibu, likasimama likiwatazama waliokuwa wananifuata. Hakuna aliyegongwa. Dereva wa lori aliteremsha kioo ili anitukane, akaona uso wangu, akakipandisha tena.

Nilifika kwa mzee nikijifanya sijambo. Alikuwa macho, ameegemea mito.

"Umekuja na trekta leo, bab?" aliniuliza. Bab ndivyo watu wa Birmingham wanavyoitana, mkubwa kwa mdogo, na nilikuwa nimeshazoea. "Nakusikia tangu kule chini kwenye lami. Zinanguruma. Umeweka tairi za matope."

"Zinapanda vizuri sana," nikasema.

"Na kwenye mvua?"

"Vizuri."

Aliniangalia nikikamua kitambaa ndani ya beseni. Ndipo nilipomwambia ukweli, na nikashangaa kujisikia nalia. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyojua. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwamba miaka thelathini alikuwa akifunga magurudumu kwenye kile kiwanda cha kule chini, na kwamba hakuna kitu kwenye gari alichokipenda kuliko tairi, kwa sababu ni tairi pekee inayogusa dunia.

"Mimi siwezi kuteremka nikazione," alisema. "Niletee picha zake, na za magari mengine utakayoyakuta, tuchague. Chukua karatasi na kreyoni."

Ndivyo nilivyoanza kuchuchumaa. Kila asubuhi, nikishamwogesha na kumpa uji wake wa shayiri, nilimtandazia karatasi mpya kwenye blanketi, na yeye akavaa miwani. Alizishika moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Dakika zangu kwake zilihesabiwa na ofisi, lakini nilijifunza kuosha vyombo kwa kasi ya ajabu ili nibaki na tano za kukaa kando ya kitanda. Sijawahi kuwa mwanafunzi mzuri hivyo shuleni.

Alinifundisha kwanza mifereji. Mvua juu ya lami inataka mahali pa kwenda, akasema, na tairi yangu ya matope ilikuwa na nafasi kubwa lakini mpira uliogusa lami ulikuwa mchache na mgumu. Kisha akaniuliza swali lililonikaa kichwani siku mbili nzima.

"Tairi ikiingia kwenye matope, unataka ifanye nini na matope?"

"Iyatupe. Yakiganda imekuwa kipara."

"Vizuri. Na ikiingia kwenye theluji?"

"Iitupe pia."

"Hapana, bab. Iishike."

Nilidhani ananitania. Akaniambia nikumbuke watoto wanavyofinyanga theluji mikononi, inavyogandana yenyewe. Hakuna kinachoshika theluji kama theluji nyingine. Tairi njema ya baridi ina vikato vyembamba kama vya wembe kwenye kila jino, na vikato hivyo vinabana theluji, vinaibeba, na theluji ile iliyobebwa ndiyo inayoshikana na ile ya barabarani. Nilikwenda zangu nikiwaza hilo mpaka nikapitiliza nyumba ya bibi niliyekuwa namfuata. Maisha yangu yote nilikuwa najua kitu kimoja tu kuhusu tairi, kwamba itapike inachokanyaga, na nilitaka kwenda na ujuzi huo kwenye theluji kumwokoa mtu. Niliona aibu, na wakati huohuo nilifurahi kama mtu aliyegundua chumba asichokijua ndani ya nyumba yake.

Tulitafuta basi tairi ya katikati, yenye kujua yote matatu kidogo kidogo: ya kumwaga maji, ya kutema matope yasiyo mengi mno, na ya kushika theluji. Mzee alizikataa nyingi. Moja aliiita keki ya harusi kwa sababu ya urembo wake usio na kazi. Nyingine aliisifu, kisha akaniuliza ubavuni kumeandikwa nini. Nilikuwa nimenakili herufi M na S, za matope na theluji kwa Kiingereza, na nilizionyesha kwa majivuno.

"Hizo mtengenezaji anajiandikia mwenyewe," alisema. "Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Huo haupewi mpaka tairi ijaribiwe kwenye theluji yenyewe."

Mlima huo niliukuta Castle Vale, kwenye gari la baba mmoja aliyekuwa akipakua mbao, ambaye kwa bahati hakuona ajabu kuombwa nisugue tairi yake. Hata alinishikia karatasi. Mzee alipoiona picha ile aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha ukucha kwenye vikato vyote, jino kwa jino, halafu akanirudishia.

"Nne," alisema. "Siyo mbili. Nne."

Nilikuwa nimepanga mbili.

Fundi wa Nechells aliipokea karatasi ile akaiweka juu ya meza yake. Niliingojea ile kauli ya "nilikuambia", na nilistahili kuambiwa. Hakuitoa. Aliiinamia tu, akacheka polepole.

"Huyu mzee wako anajua kazi, mama. Hii ndiyo nilitaka kukupatia siku ile."

Alizitafuta za aina ile ile. Zilipofika alinionyesha tarakimu nne ubavuni, za juma na mwaka tairi ilipotengenezwa, akarudisha moja ambayo ilikuwa imelala ghalani muda mrefu mno. Aliniambia mpira unazeeka hata ukikaa bure. Nilisubiri siku mbili zaidi nikiendesha na roho mkononi, mpaka zote nne zikafungwa.

Halafu hakuna kilichotokea. Mvua, mvua, mvua. Krismasi ikapita na matope yake ya kawaida, nami nikaanza kuhisi kwamba tumejisumbua. Mzee alikuwa anasikiliza utabiri wa hali ya hewa kila saa. Mwanzoni nilidhani anaiogopa theluji, na kwa kweli aliiogopa, kwa sababu usiku mmoja wa theluji ungetosha kumtoa kitandani mwake asirudi. Lakini kulikuwa na kitu kingine usoni mwake, na nilikijua kwa sababu mimi pia nilikuwa nacho. Tulitaka kuona kama zingeshika.

Ilianguka mwezi wa pili. Niliamka mji umenyamaza, shule zimefungwa, na binti yangu anarukaruka kitandani. Nilimpeleka kwa jirani nikaondoka kulipopambazuka. Barabara kubwa ilikuwa imejaa magari yaliyolala mlalo, mabasi yameachwa na taa zinawaka, watu wanatembea katikati ya njia. Nilikwenda polepole mno hata mwanamume mwenye mbwa akanipita. Nilipofika pale lami inapokwisha nilisimama. Mbele yangu hapakuwa na njia, ila weupe tu kutoka ua hadi ua, na hakuna gurudumu lililokuwa limepita.

Mkenya aliye ndani yangu alitaka kukanyaga mafuta, kwa maana matope hayaendwi polepole. Nilikanyaga, gari likachimba, likateleza kuelekea ua. Nilirudi nyuma hadi kwenye lami, nikavua glavu, nikajiambia kwa sauti: iache ishike. Gia ya kwanza, mguu mwepesi kama wa mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Na nilisikia chini yangu sauti ndogo ya kubanwa, ya kitu kinachofinyangwa, na gari likaanza kupanda. Lilipanda njia yote. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mzee alikuwa macho, na uso wake ulikuwa mweupe. Hakuwa amenisikia nikipanda, kwa kuwa theluji ilikuwa imemeza sauti zote. Nilimtokea tu mlangoni. Alifunga macho akayafumbua.

"Zimejaa?" aliuliza.

"Nini?"

"Vikato. Vimejaa theluji?"

Nilirudi nje nikatazama. Kila kikato kilikuwa kimejaa, cheupe, kimebana. Nilirudi nikamwambia, na alinifanya nimweleze tena, jino kwa jino, maji yakipata moto.

Nilikuwa nimeshampaka sabuni mkono wa kulia simu ilipolia kando ya kitanda. Aliipokea kwa kushoto. Sauti ya upole ya msimamizi niliisikia hadi niliposimama: hali ni mbaya, barabara zimefungwa, hakuna mtunzaji atakayeweza kupanda huko leo, lakini asiwe na wasiwasi, nafasi imepatikana, gari la kumchukua litakuja njia ikifunguka.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Samahani, siwezi kuongea sasa hivi," alimwambia. "Ninaogeshwa."

Alirudisha simu mahali pake, akaniinulia mkono wa pili.